Lile la Kubeba na Lile la Kwenda

Baba yangu alikuwa na mke mmoja na magari mawili, na mama alikuwa na wivu na gari moja tu kati ya hayo. Lile jekundu. Alisema mke mwenza angekuwa mtu, wangegombana, wangepatana, wangepikiana hata sombe ya majani ya mihogo. Lakini bati na matairi utavishitaki kwa nani? Mimi, binti yao mkubwa, nililelewa mjini Baraka, kando ya ziwa, katikati ya ugomvi huo, na niseme mapema kwamba nilikuwa upande wa mama.

Jekundu lilikuwa gari la mashindano. Kabla ya uhuru lilikuwa la Mzungu aliyesimamia kiwanda cha pamba, na baba, wakati huo kijana wa gereji, alifuatana naye hadi Usumbura kila waliposhindana, kazi yake ikiwa kubadilisha matairi. Mzungu alipokimbia alimwachia ufunguo. Baba akalifunika gari kwa magunia ya pamba, akalificha hivyo miaka yote ya uasi uliofuata uhuru, na tangu hapo akalihesabu mtoto wake wa kwanza. Lilikuwa refu na jembamba, tumbo lake karibu liguse udongo. Lilikuwa na viti viwili tu vya ngozi, halikuwa na paa, wala mahali pa kuweka hata kikapu. Likiwashwa, mbuzi wa jirani walikata kamba. Kila Jumapili baada ya ibada baba alivipaka viti vile mafuta, taratibu, huku sisi tukimsubiri na chakula kikipoa.

Lile jingine lilikuwa la milango minne, la rangi ya majivu, na lilinunuliwa kwa ndagaa. Mama alichukua ndagaa kwa wavuvi, akazianika mchangani, akazipandisha hadi Misisi kwa wachimba dhahabu, na mimi, nilipofikisha miaka kumi na tisa, ndiye niliyekuwa nikiendesha. Gari hilo lilibeba magunia, maharusi, majeneza, mbuzi wa mahari, wagonjwa, na mara moja kinanda cha kanisa. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa kwenye kiti chake cha nyuma, kabla hatujafika daraja la Mutambala. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Baba hakuwahi kuliosha. Liliogeshwa na mvua.

Ukimuuliza baba kwa nini anapendelea, alikuwa na jibu moja.

“Ile ni ya kubeba. Hii ni ya kwenda.”

Na mama, bila kuinua macho kutoka kwenye ndagaa zake, alimuuliza, “Kwenda wapi?”

Barabara zetu hazikuwa na mahali pa gari kama lile. Mara moja kwa mwaka, siku ya Bonane, yaani Mwaka Mpya, alilitoa hadi kile kipande kilichonyooka kinachopita mashamba ya pamba ya zamani, akalikimbiza dakika tano, akarudi, akatabasamu mwezi mzima. Alimwalika mama kila mwaka. Mama alimjibu kwamba hatakaa mu ile kitu hata wamfunge kamba.

Vita vya kwanza vilitushukia kutoka upande wa Uvira, lakini kabla askari hawajafika, sisi wenyewe tulianza. Nasema sisi, ingawa wengi leo wanasema wao. Vijana wa Baraka walizunguka na fimbo na michi wakitafuta watu wa milimani, kwa madai kwamba kila anayetoka kule juu ni adui. Kulikuwa na mzee mmoja wa Minembwe, huko milimani, aliyetuletea siagi na maziwa mgando tangu sijajua kusoma. Mama alimpa chumvi na ndagaa. Mzee yule aliteremka na kibuyu chake kama kawaida, hajui habari. Walimkamata sokoni, penye meza za mihogo, nami nilikuwapo na mama.

Walianza kumpiga mchi mdomoni, maana alikuwa anasali. Kisha magotini. Mmoja wa waliopiga aliimba nami kwaya, sauti ya besi, kijana mpole aliyenibebea kitabu cha nyimbo. Mama aliingia katikati, akapigwa begani, akaanguka, akaamka, akaingia tena. Alipomfikia mzee, kichwa hakikuwa tena na umbo la kichwa. Alivua kitenge cha juu akamfunika, kisha akaniambia nikalete gari.

Tulipopita nyumbani kuchukua jembe, baba alitusihi tusiende. Alisema watu wataichoma nyumba wakituona na maiti ile. Mama alikuwa na damu hadi kwenye viwiko.

“Si ulisema ni ya kubeba?” alimwambia. “Tunabeba.”

Tulimzika karibu na mto, wawili tu, kwa jembe moja. Damu iliingia ndani ya sponji ya kiti cha nyuma na haikutoka tena. Jua likiwaka, gari lilinuka. Kwaya sikurudi, na hadi leo nikisikia besi kanisani natoka nje.

Baada ya hapo mama aliwapeleka wadogo zangu Kilembwe kwa bibi, tukabaki watu wazima watatu. Kila siku askari wa serikali walipita wakikimbia kuelekea kusini, na walichokitafuta kwanza ni gari. Sasa, wenye magari Baraka walikuwa na desturi yao tangu uasi wa zamani. Ukisikia askari, unang'oa kichwa cha delko, kile kidude cheusi kama kikombe cha chai kinachogawia injini moto. Bila hicho, gari ni banda la kuku. Unakifunga kwenye plastiki, unakizika chini ya mafiga, unarudisha majivu, unawasha moto na kuteleka maharagwe. Nani atachimba chini ya chungu kinachochemka? Kila mtu alificha hapo, na kila mtu alijua kwamba mwenzake ameficha hapo.

Baba alifanya hivyo kwa lile la milango minne. Jekundu aliliacha lilivyo, maana aliona hakuna mwizi wa kuhangaika na gari lisiloweza kubeba hata debe la mawese.

Lakini askari nao wana mama zao, wamekulia kwenye mafiga kama sisi. Asubuhi moja nikichota maji nilisikia kwamba walikuwa wamempindulia chungu mwenye lori, mtaa wa pili, wakachimba, wakakipata walichokitaka, kisha wakampiga risasi hapohapo kwenye majivu. Nilirudi nyumbani na ndoo kichwani na akili inachemka. Baba alikuwa anaoga, mama yuko shambani. Nikateremsha chungu, nikachimbua kile kidude, nikakificha chini ya kiti cha lile jekundu, nikarudisha majivu na chungu. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba mtu hata akipigwa hawezi kutoa siri asiyoijua. Nilijiona mwerevu kuliko Baraka nzima. Akili nyingi huondoa maarifa, na yangu siku hiyo ilikuwa nyingi.

Walikuja kesho yake, saa nne asubuhi. Walikuwa sita, na wa saba walimbeba juu ya mlango waliong'oa kwenye nyumba ya mtu: ofisa wao, mguu umevimba na umeanza kuoza, nzi wamemjaa. Aliyesema kwa niaba yao alivaa buti mguu mmoja na kandambili mguu mwingine. Hakutukana. Aliomba ufunguo wa lile la milango minne, akaupata, akajaribu kuwasha, injini ikakohoa tu. Akafungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu. Alijua magari.

“Kichwa ya delko iko wapi?”

Baba alimwambia gari limekufa tangu mwaka jana, kichwa kimeuzwa. Wakamshika, wakamlaza mikono yote miwili juu ya boneti, na mmoja akaipiga kwa kitako cha bunduki. Wa kulia kwanza. Kisha wa kushoto. Kisha tena wa kulia, ingawa haukuwa tena mkono. Nilisikia mifupa. Baba alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, alimwita mama yake aliyekufa zamani, lakini hakusema kitu. Mama alikuwa penye mafiga na kisu cha mihogo mkononi. Walikipiga teke kisu kile, wakamkokota kwa nywele hadi katikati ya kiwanja, wakampigisha magoti. Yule wa buti moja akamwekea mtutu sikioni.

“Muzee,” alisema, “mi sina wakati.”

Baba alimtazama mama. Alimtazama sana, nami nikadhani anamuaga. Kisha akasema kiko chini ya mafiga, akaenda mwenyewe, askari mmoja nyuma yake. Alikisukuma chungu kwa mguu, maharagwe yakamwagika juu ya moto, moshi ukajaa. Akapiga magoti akachimba majivu ya moto kwa viwiko, maana vidole havikukubali. Nilinusa ngozi yake ikiungua. Shimo lilikuwa tupu.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko, hatua tano. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: iko mu ile nyekundu. Ulimi ulinifia mdomoni. Nimejaribu mara nyingi kuhesabu ulinifia kwa muda gani, na sijui. Muda wa kuvuta pumzi moja, labda mbili.

“Munatucheka,” yule askari alisema. Akautoa mtutu sikioni, akaushusha, akampiga mama risasi ya tumbo.

Hapo ndipo sauti yangu ilipotoka. Nilikimbia hadi kwenye banda la lile jekundu, nikakitoa kile kidude chini ya kiti, nikakileta kwa mikono miwili kama ninavyopeleka sadaka. Alikipokea, akakifunga, gari likawaka mara moja. Wakamlaza ofisa wao kwenye kiti cha nyuma, pale tulipomlaza mzee wa siagi, na wenyewe wakajazana na kuning'inia. Kabla hajaondoka, yule wa buti moja alitoa kichwa dirishani.

“Ungesema mbele, mama,” aliniambia, akiniita mama kama kwetu wanavyoitwa mabinti, kwa sauti ya mtu anayenionea huruma.

Mama hakulia. Alikaa chini, mikono juu ya tumbo, anatazama damu inavyopita kati ya vidole kana kwamba ni maji ya kuoshea ndagaa. Tulimfunga kitenge, kikalowa; tukamfunga cha pili. Wauguzi wa Baraka walikuwa wameshakimbia, lakini watu walisema Fizi, kule juu mlimani, bado kuna daktari. Gari lililobaki ni moja, na viti vyake ni viwili.

Baba hakuweza kushika hata ufunguo. Aliniambia nitaendesha mimi. Sikuwahi kuugusa usukani wake, maana alikuwa haruhusu mtu, na sasa alinifundisha huku meno yanamgonga.

“Ya kwanza iko nyuma, mama, haiko mbele. Usisahau. Na usiogope kelele yake.”

Mama alipoona anapelekwa wapi, alitikisa kichwa. Majirani walimwinua hivyohivyo. Wanne wao walisukuma gari, na baba akasukuma kwa kifua, mikono ameinyanyua kama mtu aliyekamatwa. Lilipowaka, watu waliokuwa mbali walijitupa chini wakidhani ni ndege ya vita.

Lilinizimikia mara moja, kwa sababu niliingiza gia kama ninavyoingiza kwenye gari letu jingine, na majirani wakasukuma tena. Kisha tukafika kile kipande kilichonyooka. Nikaingiza ya tatu, nikaingiza ya nne, na gari likajiinua. Siwezi kulieleza vizuri. Yale mashimo ambayo lile la milango minne lilikuwa linayahesabu moja moja, hili liliyaruka. Upepo ulinitoa machozi, nao uliichukua damu ya mama na kuirusha mkononi mwangu na kwenye kioo kidogo cha mbele. Kwa mara ya kwanza nilimwelewa baba, na nilikasirika kumwelewa siku ile. Nilikuwa namfokea mama asilale. Nilimwambia mambo ya kijinga, kwamba wateja wa Misisi wanamngoja, kwamba mvua itanyeshea ndagaa.

Alifungua macho. Aliangalia mashamba ya pamba yanavyopita, akaangalia mkono wangu juu ya gia.

“Kumbe inaendaka,” alisema.

Hakutabasamu. Alisema vile alivyokuwa akisema kwamba ndagaa zimekauka. Hakusema neno lingine tena.

Baada ya Mutambala barabara ilianza kupanda. Mvua zilikuwa zimekula udongo na kuacha mawe. Nilipita kona ya kwanza, nikapita ya pili, na kwenye iliyofuata, tumbo la gari lilikaa juu ya jiwe. Nilisikia bati linavyochanika. Mafuta ya injini yaliteremka barabarani, meusi, na kelele yote ikanyamaza. Niliteremka, nikainama kuangalia. Kwenye vumbi, pande zote mbili za jiwe lilelile, kulikuwa na alama za matairi, moja lililoisha meno na moja jipya. Nilizijua kama ninavyojua nyayo za wadogo zangu. Lile la milango minne lilikuwa limepita hapo muda mfupi kabla, limebeba watu saba, na halikusimama hata kidogo.

Nikaokota jiwe nikalipiga jekundu. Nikaipasua taa ya kushoto, nikaipasua ya kulia, nikapiga ile pua yake ndefu hadi mkono ukaniuma. Huo ulikuwa muda mwingine niliopoteza. Kisha nikambeba mama mgongoni, mikono yake shingoni mwangu, nikapanda. Alikuwa mnene kuliko mimi. Damu ilikuwa ya moto mgongoni, halafu ikawa baridi. Kona tatu mbele mikono yake iliachia shingo, akawa mzito ghafla, na nilijua, lakini niliendelea kutembea na kuongea naye hadi nikaona nyumba za Fizi. Daktari alikuwepo. Alimgusa shingoni, akaniambia pole, akaenda kwa wengine waliokuwa wanangoja.

Mimi na baba tuliwafuata wadogo zangu Kilembwe, tukavuka ziwa, tukaishi kambini upande wa Tanzania karibu miaka sita. Mikono ya baba ilipona vibaya, vidole vikajikunja kila kimoja upande wake, hakuweza kushika kijiko wala kufunga kifungo. Nilimlisha mimi. Nilimlisha asubuhi na jioni na sikumsemesha zaidi ya lazima. Nilimchukia kwa ajili ya gari lililokaa juu ya jiwe, na kwa ajili ya miaka yote aliyoliosha hilo na kuliacha jingine kwa mvua, kwa sababu kumchukia yeye kulikuwa rahisi kuliko kukumbuka mlango wa jiko. Yeye hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilikihamisha kile kidude. Aliniuliza kitu kimoja tu, labda mara moja kwa mwezi: kama mama alisema neno lolote njiani.

Nilimjibu hapana. Miaka sita nilimjibu hapana. Nilijua ninachofanya. Alilipenda gari lile kuliko sisi, ndivyo nilivyoamini, na sikutaka apate hata tone moja la furaha kutoka ndani yake.

Kisha habari za amani zikaanza kuja, watu wakaanza kufunga mizigo ya kurudi. Siku moja mchana namlisha bugali, akauondoa mdomo wake, akasema ana neno.

“Mama, siku ile mi nilijua chini ya mafiga hakuna kitu.”

Nilibaki na tonge mkononi. Akaendelea kunieleza, taratibu, bila kuniangalia. Asubuhi ile, kabla askari hawajafika, aliona majivu yamekaa vibaya. Alipapasa, hakukuta kitu. Alidhani ni mama aliyekichukua, na kwamba amekifunga kwenye fundo la kitenge chake, kama alivyofunga kila kitu chake cha maana. Akamwachia siri yake.

“Ndiyo maana nilimuangalia vile. Nilingoja atoe yeye. Motokari ilikuwa yake, mama. Alinunua na ndagaa yake. Miaka yote nilikuwa naicheka, halafu siku ile ningeitoa mi, mbele ya watu? Nikasema niende pa mafiga, nimupe wakati. Nikajua atasema. Hakusema.”

Mama alikuwa hajui kilipo. Alikuwa amepiga magoti, bunduki sikioni, akimtazama mumewe anayemtazama, na hakuelewa anaombwa nini. Baba alikuwa ameishi miaka sita akiamini ni yeye aliyemuua kwa kumpa nafasi. Mimi niliishi miaka sita naamini ni mimi. Tulikula sahani moja kila siku na hatukuambiana.

Niliweka tonge chini.

“Papa,” nilimwambia, “alisema.”

Aligeuka.

“Tulikuwa pale pa mashamba ya pamba. Niliingiza ya nne. Alifungua macho, akaangalia, akasema: Kumbe inaendaka.”

Baba alijaribu kujifunika uso, lakini ile mikono haikufunika kitu, nikamwona analia kupitia katikati ya vidole. Aliniomba nirudie. Nikarudia, na aliponiomba tena, nikarudia tena.